Mfuata Ndege Hakosi Asali: Tafakuri Kuhusu Utafiti wa Hussein Isack

Wahenga walinena kwamba mfuata nyuki hakosi asali. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tumeitungia insha, na wengi wetu tumepata alama nzuri kwa kuifafanua. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuingia mwituni kutafuta asali anafahamu fika kwamba kumfuata nyuki ni kazi ngumu. Nyuki ni mdogo, ana kasi, na akishapaa juu ya miti jicho la binadamu humpoteza papo hapo. Katika sehemu nyingi za Afrika, aliyefuatwa hasa hakuwa nyuki bali ndege. Ndege huyo Waswahili humwita segu, na wengine humwita kiongozi wa asali. Makala haya yanamhusu ndege huyo, yanamhusu mwanasayansi Mkenya aliyejitolea kumchunguza, na yanatuhusu sisi wasomi wa Kiswahili kwa sababu nitakazozibainisha hatua kwa hatua.

Kwa umbo, segu si ndege wa kumshangaza mtu. Urefu wake ni kama sentimita 20, na manyoya yake ni ya rangi ya kijivu na hudhurungi. Ajabu yake iko katika chakula chake na malezi yake. Segu hula majana ya nyuki na, zaidi ya hayo, hula nta, chakula ambacho viumbe wachache mno wanaweza kukisaga tumboni. Kuhusu malezi, segu jike hajengi kiota. Hutaga yai lake katika kiota cha ndege wa jamii nyingine na kwenda zake. Kinda la segu huanguliwa likiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo, na kwa silaha hiyo huwaua makinda wa mwenye kiota ili libaki peke yake likilishwa. Kwa hiyo segu hukua bila kumjua mama wala baba yake, na bila mzazi wa kumfundisha lolote kuhusu asali.

Ndege huyu anajua nyuki walipo, lakini hana nguvu za kupasua mti wala ngozi ya kustahimili miiba ya nyuki. Binadamu naye ana shoka na moto, lakini hajui nyuki walipo. Mmoja ana habari, mwingine ana zana. Segu anapomwona mtu humkaribia, hupiga kelele inayofanana na sauti ya kiberiti kinachotikiswa, huruka hatua kadhaa, hutua, hungoja, kisha huruka tena. Mtu akimfuata hufikishwa penye nyuki. Mtu huchukua asali, na ndege hubaki na nta na majana.

Habari hizi si mpya. Huko Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo iliyokuwa mojawapo ya bandari za kale za Waswahili, kasisi Mreno João dos Santos aliandika habari za ndege aliyekuwa akiingia kanisani na kula nta ya mishumaa, ndege ambaye pia aliwaongoza watu kwenye asali. Kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 1609. Mwaka wa 1777 Mswidi Anders Sparrman aliuelezea ulimwengu wa wasomi wa Ulaya juu ya ndege huyo kutokana na safari zake kusini mwa Afrika. Mwaka wa 1955 Mmarekani Herbert Friedmann alitoa kitabu kizima kuhusu jamii ya ndege hawa. Pamoja na maandishi yote hayo, kwa muda mrefu jambo moja halikuwa limefanywa: hakuna aliyekuwa ameyachukua maneno ya warina asali wenyewe, sentensi baada ya sentensi, akayapima kwa vipimo vya kisayansi ili aone kama ni kweli.

Kazi hiyo ilifanywa na Hussein Isack, mtaalamu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Alimfanya segu kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Oxford, aliyoikamilisha mwaka wa 1987. Miaka miwili baadaye, yaani mwaka wa 1989, yeye na Heinz-Ulrich Reyer, mwanabiolojia aliyekuwa amewahi kufanya utafiti juu ya ndege wengine hapa Kenya, walichapisha matokeo yao katika jarida la Science, mojawapo ya majarida yanayoheshimika zaidi duniani. Utafiti wenyewe ulichukua miaka mitatu katika nyika kavu za kaskazini mwa Kenya, miongoni mwa Waborana.

Waborana walidai mambo matatu. Kwanza, kwamba kutokana na njia anayoifuata ndege wanaweza kujua upande uliko mzinga. Pili, kwamba wanaweza kukadiria umbali uliobaki kwa kuangalia muda ambao ndege hupotea machoni, hatua anazoruka kutoka kituo hadi kituo, na kimo cha tawi analotua. Tatu, kwamba ndege akifika hubadilisha sauti na mwenendo, na hivyo mtu hujua kwamba safari imekwisha. Msomi mwenye kiburi angeyaita madai haya hadithi za vijiweni. Isack na mwenzake waliwafuata ndege hao, wakachora njia zao kwenye ramani, wakapima muda, hatua na kimo. Walipozichanganua takwimu zao walikuta kwamba madai hayo ni ya kweli. Kadiri mzinga unavyokaribia, ndege huruka hatua fupi zaidi, hupotea kwa muda mfupi zaidi na hutua kwenye matawi ya chini zaidi. Akifika, mlio wake hulegea na vituo kati ya mlio na mlio hurefuka, kisha hunyamaza.

Faida nayo ilipimwa. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali wasiokuwa na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja. Walioongozwa na ndege walitumia wastani wa saa 3.2. Kwa upande wa ndege, asilimia 96 ya mizinga hiyo haikuweza kufikiwa naye mpaka binadamu aifungue. Aidha, ilithibitika kwamba mawasiliano hayo hayakuwa ya upande mmoja. Waborana wana mluzi mkali wanaouita fuulido, unaopigwa kwa kupuliza ngumi zilizokunjwa pamoja, gamba la konokono lililotobolewa, au kokwa la mkoma lililokombwa ndani. Mluzi huo husikika umbali wa zaidi ya kilomita moja, na huongeza maradufu nafasi ya kukutana na segu.

Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Mimi ninaisoma kazi ya Isack kama ufafanuzi wa kina wa usemi huo. Hakuyapokea maneno ya warina asali kwa imani tupu, wala hakuyatupa kwa dharau. Aliyafanya kuwa nadharia tete, akayapeleka uwanjani yakajitetee yenyewe. Ninaona kwamba huo ndio mchango wake mkubwa, hata kuliko zile takwimu. Alitambua kwamba maarifa ya jamii hukaa ndani ya lugha yake, na kwamba mtafiti asiyeijua lugha hiyo hata swali la kuuliza halioni. Si ajabu basi kwamba baadaye alijihusisha na uhifadhi wa tamaduni za jamii za kaskazini mwa Kenya kupitia shirika la Kivulini Trust. Mtu anaweza kudhani kwamba aliacha ndege akaenda kwa watu. Kwangu mimi hiyo ni kazi moja iliyoendelea.

Nina sababu za kibinafsi za kuijali kazi hii. Mimi ni mzaliwa wa Mwingi, na marehemu babu yangu alikuwa na mizinga ya magogo iliyoning'inia kwenye mibuyu na migunga. Mbali na mizinga yake, alirina pia asali ya mwituni, na huko mwenzake alikuwa segu. Babu hakuwa na desturi ya kuondoka bila kumwachia ndege kipande cha sega juu ya jani. Alisema kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba ukimdhulumu ndege leo, kesho atakupeleka kwa nyoka. Kuhusu nyoka, sina ushahidi. Nilichokishuhudia ni kwamba mzee huyo, ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, aliweza kusimama kwenye njia, akasikiliza, kisha akatuambia kwamba safari imebaki fupi, na ikawa hivyo.

Nilipokuwa darasa la tatu, mwalimu mmoja alitutaka tutaje ndege tunaowajua. Ukutani palikuwa na chati ya ndege wenye majina ya Kiingereza, na wengi wao tulikuwa hatujapata kuwaona. Mimi nilimtaja ndege wa babu kwa jina lake la Kikamba, kwa kuwa ndilo nililokuwa nalo. Jibu nililopewa ni kibao cha mbao kilichoning'inizwa shingoni mwangu hadi jioni, kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani katika uwanja wa shule. Yule ndege aliyetuletea asali mezani hakuwa na jina linaloruhusiwa. Wenzangu wengi wanaosoma jarida hili wana visa vya aina hiyo, na sikitaji hiki ili nionewe huruma. Nakitaja kwa sababu nimekuja kuona kwamba jina linapopigwa marufuku, maarifa yaliyofungamana nalo huanza kufa mapema kuliko tunavyodhani.

Babu aliaga dunia mwaka wa 2009. Baba yangu alikuwa ameajiriwa mjini tangu ujana wake na hakujifunza kurina. Sukari ya dukani ilikuwa rahisi. Miaka michache baada ya mazishi, mimi na binamu yangu tulikuwa tukipita katika kichaka kilichosalia nyuma ya shamba, baada ya sehemu kubwa ya miti kukatwa kwa ajili ya makaa. Segu alitokea. Alitua karibu nasi, akapiga ule mlio wa kiberiti, akaruka, akarudi, akapiga tena. Binamu yangu aliniuliza, "Huyu anataka nini?" Nilimweleza. Tulijaribu kupiga mluzi, lakini hakuna kati yetu aliyejua ule wa babu. Baada ya dakika kama kumi ndege alikata tamaa akaenda zake. Alikuwa amesema maneno yake yote kwa ufasaha, na sisi wawili, wenye shahada na vyeti, tulikuwa mabubu mbele yake.

Kisa hicho kilinirudia akilini niliposoma yaliyofuata baada ya utafiti wa Isack. Katika mojawapo ya safari zake, Isack alizungumza mbele ya wapenzi wa ndege mjini Cape Town. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo msichana mdogo aliyeitwa Claire Spottiswoode. Msichana huyo alikua akawa mtaalamu wa ndege, na mwaka wa 2016 yeye na wenzake walichapisha katika jarida lile lile la Science utafiti walioufanya pamoja na Wayao katika hifadhi ya Niassa, kaskazini mwa Msumbiji. Wayao humwita segu kwa sauti inayoweza kuandikwa "brrr-hm", sauti ambayo wana huirithi kwa baba zao. Watafiti walitembea porini wakicheza sauti zilizorekodiwa: mwito wa Wayao, maneno ya kawaida ya binadamu, na mlio wa ndege mwingine. Mwito wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuonyeshwa mzinga kutoka takribani asilimia 16 hadi asilimia 54. Ndege, basi, alikuwa anatofautisha kati ya mtu anayepiga gumzo na mtu anayemwita.

Mwaka wa 2023 Spottiswoode na Brian Wood walichapisha hatua iliyofuata. Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania hawasemi "brrr-hm"; wao humwita segu kwa mluzi wenye ghani. Watafiti waliupeleka mluzi wa Wahadza Msumbiji na mwito wa Wayao Tanzania. Segu wa Tanzania waliitikia mluzi wa Wahadza zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao, na wale wa Msumbiji waliitikia mwito wa Wayao takribani mara mbili kuliko mluzi wa kigeni. Kwa maneno mengine, segu hujifunza mwito wa watu anaoishi nao.

Mwanafunzi yeyote wa isimu atatambua papo hapo uzito wa jambo hili. Tumefundishwa kwamba uhusiano kati ya sauti na maana ni wa nasibu, na kwamba ni makubaliano ya jamii yanayoipa sauti maana. Hakuna chochote ndani ya "brrr-hm" kinachofanana na asali, wala ndani ya fuulido. Ni desturi ya mahali fulani inayoifanya sauti hiyo iwe na maana, na hapa desturi hiyo imevuka mpaka wa spishi. Tumezoea kuzungumzia Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Hapa tuna jambo linalokaribia lahaja, lenye wasikilizaji wenye mabawa. Na kama lahaja zote, linategemea wasemaji. Babu anapofariki bila kumrithisha mtu mluzi wake, hasara haiishii kwa wajukuu. Huko kichakani kuna ndege aliyejifunza kuitika mwito ambao hatausikia tena.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Segu hayumo katika orodha ya ndege wanaokaribia kutoweka. Anapatikana katika sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Kinachotoweka ni mazungumzo baina yake na watu. Sababu zake ni nyingi: sukari ya bei nafuu, ukataji wa miti, vijana kuhamia mijini, na sheria za mbuga za taifa ambazo, kwa nia njema ya kuzuia moto na ujangili, haziwaruhusu watu kuingia kurina asali. Uhifadhi uliozoea kuhesabu vichwa vya wanyama unaweza kumhesabu segu, ukamkuta yupo, ukaridhika, ilhali jambo adhimu kuliko yote katika maisha yake limekwisha kufa.

Sitaki kutia chumvi. Si kila desturi ya warina asali inafanana na ile ya babu yangu. Wahadza, kwa mfano, aghalabu huificha au kuichoma nta iliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Mtu aliyekwisha kujiaminisha kwamba Waafrika wote humlipa ndege ujira wake ataona vibaya kusikia hivyo. Lakini hilo nalo ni funzo la kazi ya Isack: kila jamii isikilizwe kwa lugha yake, na kila dai lipimwe. Kuwatukuza wazee wetu bila kuwasikiliza ni namna nyingine ya kuwapuuza.

Nilipopendekeza kufanyia tasnifu yangu ya uzamili msamiati wa urinaji asali katika eneo la kwetu na visawe vyake vya Kiswahili, niliulizwa kama hiyo ni taaluma ya Kiswahili au ya zuolojia. Swali lilikuwa la haki, na nililijibu hivi. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Lugha rasmi haitoshi kuwa na istilahi za mahakama na bunge pekee. Inapaswa pia kuweza kumwambia afisa wa wanyamapori anachokijua mrina asali, na kumwambia mrina asali alichokipata mtafiti. Sega, nta, majana, mzinga, mwenge, kurina: maneno haya yamo katika kamusi zetu, lakini vijana wangapi wa rika langu wanaweza kuyatenganisha sega na nta? Na kwa kila neno moja lililo kamusini, yako mengine katika Kikamba, Kitharaka, Kiborana na Kiogiek ambayo Kiswahili kingeweza kuyaazima kwa fahari, kama kilivyoazima kwingineko. Pendekezo lilikubaliwa. Hadi sasa nimehojiana na wazee saba, na mmoja wao, jirani wa babu, ameniruhusu nimrekodi akipiga mluzi.

Mwanafunzi mwenzangu, likizo inakaribia. Unapokwenda nyumbani, muulize nyanya au babu jina la ndege anayeonyesha asali, na uulize anaitwaje: kwa mluzi, kwa kugonga mti, au kwa maneno. Liandike jina hilo kama linavyotamkwa, andika mahali na mwaka, andika na aliyekwambia kama ameridhia. Ukipata mluzi, urekodi kwa simu yako, kisha ujifunze kuupiga.